Mbao bafuni: Zipe hewa kwanza, urembo utadumu

Picha zinazosambaa kwenye simu zimewafanya wazazi wengi watamani bafu lenye mbao. Kabati chini ya sinki, rafu ya taulo, dari iliyopigwa vanishi na kibao cha kusimamia chini ya bomba la mvua huipa sehemu hiyo ya nyumba mvuto ambao vigae vyeupe havina. Wengi humwonyesha fundi picha na kumwambia atengeneze kama ile ile.

Kisichoonekana kwenye picha ni hali ya bafu hilo baada ya misimu miwili ya mvua. Katika nyumba nyingi kabati huwa limevimba pembeni, mlango umeoza kuanzia chini na dari imeota madoa meusi ya ukungu. Fedha iliyotengwa kwa ajili ya ada ya shule inarudi kwa fundi, na watoto wanaendelea kuvuta hewa yenye unyevu kila wanapooga.

Mbao zinaweza kukaa bafuni kwa miaka mingi. Zikitumika vizuri, zinapunguza hata hatari ya watoto na wazee kuteleza. Sharti ni moja: kila ubao unaoingia bafuni upate nafasi ya kukauka kila siku. Mzazi akilishika hilo, mengine yote kuhusu aina ya mbao, vanishi na mtindo yatapangika.

Kwa nini ubao huoza

Maji peke yake hayaozeshi ubao. Kinachouozesha ni kuvu, na kuvu anahitaji maji na hewa kwa pamoja. Tazama nguzo ya uzio iliyochimbiwa ardhini. Sehemu ya juu hukaushwa na jua, na ya chini kabisa ina hewa kidogo. Inayooza mapema ni pale usawa wa ardhi, ambapo unyevu na hewa hukutana siku zote.

Wataalamu wa mbao hutumia kipimo cha asilimia 20. Maji yaliyomo ndani ya ubao yakiwa chini ya asilimia 20 ya uzito wa ubao wenyewe ukiwa mkavu, kuvu hawezi kuuozesha. Yakizidi hapo kwa muda mrefu, hasa yakikaribia asilimia 30, kuvu hupata makazi. Ndiyo maana ubao unaolowa asubuhi na kukauka mchana unaweza kudumu, lakini unaolowa asubuhi na jioni bila kukauka katikati hauchukui muda kuharibika.

Sasa angalia mabafu yetu ya mijini. Dirisha ni dogo, linatazama ukuta wa jirani, na mara nyingi limezibwa kwa nailoni ili kuzuia mbu na macho ya wapita njia. Watu sita wanaoga hapo asubuhi, mlango unafungwa, na mvuke unabaki ndani mpaka jioni.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihusu seremala. Toa nailoni dirishani na uweke wavu wa mbu. Kama faragha inakusumbua, weka kioo chenye ukungu sehemu ya chini na uache ya juu wazi. Kama unajenga, mwambie fundi aweke matofali ya matundu karibu na dari. Baada ya mtu wa mwisho kuoga, sukuma maji yote yaingie kwenye tundu la kutolea maji, kisha acha mlango wazi. Hatua hizi zina gharama ndogo kuliko ubao wowote utakaonunua.

Faida yake haiishii kwenye mbao. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu ndani ya majengo, likieleza kuwa wanaoishi katika nyumba zenye hali hiyo wako katika hatari zaidi ya kupata matatizo ya kupumua na pumu. Ukiona madoa meusi kwenye dari ya bafu, usikimbilie kuyafunika kwa rangi mpya. Tafuta kwanza njia ya kutoa mvuke.

Si jambo geni kwetu

Matumizi ya mbao mahali pa kuogea hayakuanzia kwenye simu. Wazee wa mwambao walivaa mitalawanda, viatu vya mti, walipokwenda kuoga au msalani. Walichota maji kwa kata ya kifuu cha nazi yenye mpini wa mti. Vifaa hivyo vilitumika, kisha vikawekwa kando vikakauka.

Wenzetu wa mbali nao hufanya hivyo hivyo. Huko Finland watu hukaa kwenye mabenchi ya mbao ndani ya chumba chenye joto kali wanachokiita sauna, kwa kuwa ubao hauchomi ngozi kama chuma au jiwe. Wakimaliza, chumba huachwa kikauke. Nchini Japani ndoo na vigoda vya mbao vya kuogea vimetumika kwa karne nyingi.

Anza na kichanja cha kukanyagia

Kama bajeti ni ndogo, anza na kifaa kimoja: kichanja cha mbao cha kusimamia wakati wa kuoga. Ni kama kichanja cha vyombo, ila kiko chini na kina nguvu zaidi. Kigae kilicholowa na sabuni huteleza, na mtoto anayeruka kutoka ndani ya beseni hana muda wa kutafuta pa kushika. Kichanja humpa mguu mahali pa kukaza, na maji ya sabuni hupita chini yake.

Kwa bafu la kawaida, kichanja cha sentimita 60 kwa 60 kinatosha. Vipande vya juu viwe na unene wa takriban sentimita 2 na upana wa sentimita 4 hadi 5. Nafasi kati ya kipande na kipande isizidi sentimita 1, maana nafasi kubwa hunasa vidole vya mtoto. Kingo zote zilainishwe kwa msasa ili zisitoe vibanzi.

Vipande viwili au vitatu vya chini vinavyobeba vile vya juu vielekee kule maji yanakotiririkia. Vikikatisha njia ya maji vitatuamisha uchafu. Chini ya kila pembe gongelea kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu ili kichanja kisitembee juu ya vigae. Tumia skrubu zisizoshika kutu, na vichwa vyake vizamishwe ndani ya ubao.

Usikubali kichanja kigongelewe sakafuni. Lazima kiinuliwe kila siku, kisimamishwe ukutani au kitolewe nje kipate hewa. Mara moja kwa wiki kisuguliwe pande zote kwa brashi na sabuni. Kichanja kisichoinuliwa huota utelezi wa kijani na kuwa hatari kuliko kigae chenyewe.

Mlango ndio unaooza kwanza

Familia nyingi zimewahi kuona mlango wa bafu ukimomonyoka chini kama mkate uliolowa chai. Sababu kubwa ni kwamba fundi hupaka rangi mbele na nyuma, akasahau ukingo wa chini usioonekana. Hapo ndipo maji hupandia.

Ubao hunyonya maji kwa kasi zaidi kupitia miisho yake iliyokatwa, kwa sababu mishipa iliyokuwa ikipitisha maji mti ukiwa hai hufunguka hapo. Miguu ya fremu inayokaa juu ya sakafu yenye maji hunyonya kama utambi wa taa.

Kabla mlango haujatundikwa, simama hapo hapo uone ukingo wa chini na wa juu umepakwa rangi au vanishi mara mbili au tatu. Acha nafasi ya sentimita 1 kati ya mlango na sakafu. Miguu ya fremu ikae juu ya kitako kidogo cha zege, sentimita 5 hivi kutoka sakafuni, badala ya kuzama kwenye vigae. Wengine hupigilia kipande cha bati chini ya mlango. Bati husaidia kama ubao ulipakwa rangi kwanza na ukingo wa juu wa bati umezibwa. Vinginevyo maji huingia nyuma yake na kukaa humo.

Na kwa wenye watoto wadogo: komeo la ndani liwe juu, mahali ambapo mtoto wa miaka mitatu hafiki. Mtoto anayejifungia bafuni penye maji ni jambo la kuzuia mapema.

Kabati, rafu na dari

Makabati mengi ya bafuni yanayouzwa madukani yametengenezwa kwa bodi za nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, maarufu kama MDF. Bodi hizo ni nafuu na zina uso laini, lakini maji yakipata upenyo kwenye ukingo au tundu la skrubu, huvimba na hazirudi katika hali yake. Ukinunua kabati la namna hiyo, hakikisha kila ukingo umezibwa, na matundu yaliyotobolewa kwa ajili ya bomba yamepakwa vanishi au gundi ya silikoni.

Lililo bora ni kabati la mbao halisi au plaiwudi inayohimili maji, linalotundikwa ukutani na kuacha sentimita 15 au zaidi chini yake. Sakafu inafutika, hewa inapita, na ukiinama unaona kama bomba linavuja.

Dari ya mbao inapendeza, lakini ndiyo inayopokea mvuke wote. Kama bafu lako halina dirisha linalofunguka, iache. Rafu wazi yenye vipande vilivyoachana, kama kichanja, ni bora kuliko iliyofungwa, kwa sababu taulo nayo hukauka.

Kuna jambo moja la usalama hapa. Dawa za kusafishia choo na za kuondoa madoa zisikae kwenye kabati la chini ya sinki lisilo na kufuli, na kamwe zisihamishiwe kwenye chupa za soda au maji ya kunywa. Mwambie seremala atengeneze kisanduku kidogo cha juu chenye kufuli. Dawa za kutibu magonjwa nazo zisiwekwe bafuni, kwani joto na mvuke huziharibu.

Kwa mtoto na kwa bibi

Vifaa vitatu vidogo vya mbao vinaweza kubadili maisha ya familia yenye watoto na wazee.

Cha kwanza ni kigoda cha kupandia mtoto anaponawa mikono. Kimo cha sentimita 15 hadi 20 kinatosha. Kitako chake kiwe kipana kuliko sehemu ya kukanyaga ili kisipinduke, na miguu iwe na mpira. Mtoto anayefikia bomba mwenyewe hunawa bila kusubiri kuinuliwa.

Cha pili ni mshikio wa ukutani kwa ajili ya bibi, babu au mama mjamzito. Ubao uliochongwa mviringo wenye kipenyo cha sentimita 3 hadi 4 unashikika vizuri hata mkono ukiwa na sabuni. Ukae usawa wa nyonga, na uwe na nafasi ya vidole kati yake na ukuta. Skrubu ziwe ndefu na zishike kwenye tofali, zisiishie kwenye lipu au kigae. Kabla mzee hajautumia, mtu mzima mwenye nguvu auvute kwa uzito wake wote. Ukitikisika, fundi arudie kazi. Mshikio unaong'oka unaumiza kuliko kukosa mshikio.

Cha tatu ni mfuniko wa pipa au ndoo kubwa ya maji. Kwa kuwa maji ya bomba hukatika, nyumba nyingi huhifadhi maji bafuni. Mtoto mdogo anaweza kuzama hata kwenye maji machache ndani ya ndoo, kwani kichwa chake ni kizito na akiinama hawezi kujiinua. Mfuniko mzito wa mbao, wenye ukingo unaoshuka ndani ya pipa ili usisukumike kirahisi, unasaidia. Hauchukui nafasi ya macho ya mzazi, na mtoto asiachwe peke yake penye maji hata kwa dakika moja.

Uchague mbao gani

Mninga, mkongo na mvule zinajulikana kwa kustahimili unyevu na mchwa. Mninga una sifa nyingine: ukikauka vizuri haujikunji wala kupasuka sana. Lakini miti hii hutoka zaidi misitu ya asili na hukua taratibu. Mwaka 2022 nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikubaliana kuweka mninga na mkongo wa Afrika katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Ukinunua, nunua kwa muuzaji mwenye kibali na udai risiti.

Mtiki ni chaguo zuri kwa bafu. Una mafuta ya asili yanayousaidia kupambana na maji, na hapa Tanzania hupandwa katika mashamba ya miti kama Longuza mkoani Tanga na Mtibwa mkoani Morogoro. Angalia rangi: sehemu ya ndani ya mti, yenye rangi ya kahawia, ndiyo inayodumu. Sehemu nyeupe ya nje huoza haraka, na hili ni kweli kwa karibu miti yote.

Wakazi wa pwani wanaweza pia kutumia mbao za minazi iliyozeeka. Chukua za upande wa nje wa shina ambazo ni nzito na ngumu. Za katikati ni laini na hazifai.

Paini, zikiwamo zinazotoka Sao Hill wilayani Mufindi, ni nafuu na zinapatikana kila mahali, ila hazina kinga ya asili dhidi ya kuoza. Zitumie kwa rafu za juu au fremu ya kioo, mbali na maji ya moja kwa moja, na uzipake vanishi pande zote.

Aina yoyote utakayochagua, nunua mbao zilizokauka. Shika mbili za aina moja na ukubwa mmoja. Iliyo nzito zaidi mara nyingi bado ina maji. Ubao mbichi ukigeuzwa kabati leo utajikunja baada ya wiki chache, hata kama fundi ni hodari.

Jihadhari na unachopaka

Mafundi wengine hupaka oili chafu ya magari kuzuia mchwa. Bafuni isitumike kabisa. Oili hiyo ina masalia ya metali na kemikali zenye sumu, na watoto watakanyaga na kushika ubao huo wakiwa na ngozi iliyolowa.

Vivyo hivyo, baadhi ya mbao za kijani zilizotiwa dawa hutumia mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Marekani, watengenezaji waliacha kuutumia kwenye mbao za makazi mwishoni mwa mwaka 2003. Mbao hizo zina kazi yake kwenye nguzo na uzio, lakini si kwenye kichanja cha mtoto wala kigoda. Usizichome jikoni pia, maana moshi na majivu yake yana sumu.

Kinachofaa ni vanishi ya nje inayohimili maji, ipakwe mara tatu huku ikipigwa msasa laini kati ya mkono mmoja na mwingine, kisha iachwe ikauke siku kadhaa kabla ya familia kuanza kutumia kifaa. Kwa kichanja, wengine hupendelea mafuta ya kitani kwa sababu hayabanduki. Ukiyatumia, vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vitandazwe nje vikauke. Vikikunjwa na kurundikwa vinaweza kupata joto na kuwaka vyenyewe.

Kazi ya msasa ifanyike nje, watoto wakiwa mbali. Vumbi la mvule na mninga linaweza kuwasha ngozi na kuchokoza pumu.

Kama umepanga nyumba

Mpangaji hana sababu ya kugharamia dari au mlango wa mwenye nyumba. Wekeza kwenye vitu utakavyoondoka navyo: kichanja, kigoda, rafu ya kusimama na mfuniko wa pipa. Vyote vinaweza kutengenezwa na seremala wa mtaani, au mafundi wa maeneo kama Keko jijini Dar es Salaam, kutokana na mabaki ya mbao ngumu za vitanda na milango. Mabaki hayo mara nyingi ni makavu na bei yake ni ya kupatana.

Kama bafu ni la pamoja na wapangaji wengine, rudi na kichanja chako chumbani, ukisimamishe nje au dirishani. Kitadumu zaidi, na hutaulizana na mtu nani hakukisugua.

Kabla ya kumlipa fundi fedha ya mwanzo, muulize mambo manne: Mbao hizi zimekauka? Zimetiwa dawa gani? Ukingo wa chini utapakwa nini? Nikitaka kukiinua nisafishe chini, kinainuka? Fundi anayejua kazi yake atajibu bila kukasirika.

Baada ya hapo, gawa kazi nyumbani. Mtoto wa miaka minane anaweza kuinua kichanja akimaliza kuoga. Mkubwa wake anaweza kusukuma maji na kuacha mlango wazi. Ni kazi ya dakika mbili, na ndiyo itakayoamua kama mbao hizo zitafika mwaka wa kumi au zitaishia jalalani mwaka wa pili.